Kidole Mvivu

Mkitaka kujua mkono wa fundi una afya gani, wanangu, msiutazame mkono. Itazameni kofia. Mkono utajificha ndani ya buibui, utasalimia, utapokea kikombe, lakini kofia haijui kuficha. Ipo moja hapa Kengeja ambayo ukianza kuisoma kwenye duara ya juu utaona vitobo vidogo vilivyokazwa sawasawa, kana kwamba nguo ilifumwa navyo. Shuka kwenye ukanda wa pembeni, uizungushe taratibu. Vitobo vinaanza kupanuka. Uzi unalegea. Karibu na mshono wa mwisho kuna kitobo kilichopinda kama mdomo wa mtu anayejizuia kulia. Anayeivaa haoni, na wanaoswali nyuma yake hawaoni. Sisi tuliokulia kwenye sindano tunaona, na ndiyo maana wanaume wakipita Ijumaa kwenda msikitini, mimi hutazama chini.

Nimewaita leo kwa sababu juzi nilimwona mmoja wenu, simtaji, mwenyewe anajijua, akiukung'uta mkono kama aliyeshika sufuria ya moto, kisha akaokota sindano akaendelea. Nikamuuliza, una nini? Akanijibu, "Hamna kitu, Bi Zuhura. Umekufa ganzi tu."

Umekufa ganzi tu. Maneno hayo nimeyasikia maisha yangu yote ya kazi, na kila mara hilo "tu" lilikuwa limening'inia nyuma kama mkia. Leo nataka tulikate.

Mimi na Riziki tulijifunza kushona kwa Bi Mize. Riziki alikuwa rafiki yangu na jirani yangu, ukuta wa jiko lake ndio ukuta wa jiko langu. Bi Mize alikuwa fundi ambaye wanaume walitoka Chokocho na hata Makangale, kule mwisho wa kisiwa, kuja kumwomba awashonee kofia. Wengine aliwakatalia kwa sababu vichwa vyao havikumpendeza. "Kichwa kama fenesi," alimwambia mzee mmoja mbele yetu, "kofia yangu itakaa wapi?" Mzee wa watu akacheka, akarudi tena msimu uliofuata kujaribu bahati yake.

Bi Mize alikuwa na mkao mmoja tu. Kofia unaibana kwenye goti. Mkono wa sindano unaingia kwa chini, unakunjwa kwenye kifundo mpaka vidole vinakutazama mwenyewe kifuani. Hivyo ndivyo uzi unavyokazwa, alisema, na ni kweli ulikazwa. "Nkono ulonyooka unashona magunia." Ili tuzoee, alichana kanga kuukuu akatufunga vifundo vikiwa vimekunjwa hivyo hivyo, fundo juu, na tukashona tumefungwa mpaka adhana ya alasiri. Alipotufungua, vidole vilikuwa vinachomachoma kama vimepitiwa na siafu. Tulicheka. Tulishindana nani siafu wake wametembea muda mrefu zaidi.

Kidole cha mwisho, hiki kidogo, hakikuwa na kazi katika mkao ule. Gumba na shahada hubana sindano, cha kati husukuma, cha pete husaidia kushika. Hiki hukaa nje, na kikikaa nje hukwaruza nguo. Bi Mize alikuwa na kipande cha ufito cha kukigonga. "Nkunje huyo mvivu!" Siku nzima uani kwake ulikuwa unasikia hivyo tu. Nkunje huyo mvivu.

Na alikuwa na desturi moja ya kunywa chai. Kikombe hakukishika mkono mmoja. Alikizungushia viganja vyote viwili, akakiinua polepole kama mtu anayenyanyua msahafu, macho yakiwa kwenye kikombe mpaka kifike mdomoni. Tulidhani hiyo ndiyo adabu ya mafundi. Mimi na Riziki tukaiga. Tulikuwa wasichana wadogo, tukienda kwenye maulidi tunakaa wima na vikombe vyetu viganjani, tunainua polepole, na mama zetu wanaulizana, hawa wamejifunza wapi maringo haya?

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipoelewa kwamba Bi Mize hakukisikia kikombe. Angekishika mkono mmoja kingemwangukia, na asingejua kimeanguka mpaka asikie sauti yake sakafuni.

Alikufa bila kumwambia mtu.

Sasa nitawaeleza kitu chenyewe kabla sijaendelea, maana najua mnapenda kusikia kisa mkaacha somo. Chukueni kofia mliyo nayo mapajani. Mnajua kwamba kati ya zile nguo mbili tunaacha njia nyembamba, tukapitisha uzi mnene ili kofia isimame. Njia ile ina kipimo chake. Ukilazimisha uzi mwingine zaidi, nyuzi zinabanana, nguo inavimba, na ule uzi laini kuliko zote ndio unaosagika kwanza. Kwenye kifundo cha mkono Mungu ameweka njia kama ile. Chini kuna vifupa, juu kuna ukanda mgumu, na katikati zinapita kano zinazokunja vidole. Pamoja na kano hizo unapita mshipa mmoja wa fahamu. Huo ndio uzi laini. Huo ndio unaovipa hisia vidole vitatu na nusu: gumba, shahada, cha kati, na upande mmoja wa cha pete. Kano zikivimba kwa kazi isiyopumzika, au kifundo kikikaa kimekunjwa saa nyingi, njia inabana na mshipa unasagika. Wataalamu wanaita karpal taneli, yaani handaki la kifundo cha mkono. Sisi tulikuwa tunaita ganzi, tukaongeza "tu."

Kidole cha mwisho kinapata hisia zake kutoka mshipa mwingine, unaopita njia nyingine. Huyo mvivu habanwi. Likumbukeni hilo.

Riziki alifiwa na mume wakati mwanawe, Khamis, bado ananyonya. Hakuolewa tena. Alimlea mtoto yule mmoja kwa sindano: kofia zilimpeleka chuoni kusoma Kurani, kofia zikampeleka skuli, kofia zikamnunulia nyavu za kuanzia uvuvi. Basi Khamis alipopata mchumba, msichana mmoja mtulivu anaitwa Maryam, hamkuhitaji kumuuliza Riziki atavaa nini bwana harusi. Alikwenda kununua kitambaa cha bafta nyeupe siku ile ile.

Mkono wake wakati huo ulikuwa unamsumbua kitambo. Ulikuwa unamwamsha usingizini, anaukung'uta, anauning'iniza nje ya kitanda mpaka siafu waondoke, analala tena. Mchana sindano ilikuwa inamponyoka. Vifungo vya nguo alikuwa akimwomba mtoto wa jirani mwingine amfungie. Alinificha, na mimi ni jirani wa ukuta mmoja.

Nilijua siku tulipokuwa tunashona pamoja uani kwake. Nilinyanyua macho nikaona nyekundu kwenye bafta.

"Riziki, unatoka damu."

"Wapi?"

"Kidoleni, mwanamke! Sindano imesimama kidoleni!"

Akatazama. Sindano ilikuwa imeingia kwenye ncha ya shahada, imesimama kama mlingoti, na yeye alikuwa anaivuta kama anayevuta uzi. Hakupiga kelele. Aliing'oa, akaitazama damu, akaanza kucheka, kisha kicheko kikakatika.

"Zuhura," akasema, "mie nkono huu si wangu tena."

Wazee wa nyumbani kwao walikuwa na jibu tayari. Ni husuda. Nani hamwonei wivu mwanamke aliyelea mtoto peke yake mpaka anamwoza? Na kama si husuda ni jini. Akapigwa chuku kwenye bega, ile pembe ya kunyonya damu. Akachanjwa. Kisha akaja shangazi mmoja na mfuko wa mchanga uliokaangwa kwenye chungu, akamkandia kiganja. "Unasikia moto?" Riziki akasema hausikii. Shangazi akaurudisha chunguni ukaiva zaidi. "Sasa?" Hausikii. Akaurudisha tena. Nilipofika mie ngozi ya vidole ilikuwa imetuna malengelenge, na Riziki anasema bado hausikii, labda uongezwe kidogo.

Nawaambieni, wanangu: mkono wenye ganzi haupelekwi motoni. Hauwezi kupiga kelele.

Nilimchukua hospitali kwa nguvu. Daktari alikuwa msichana wa Wete, mdogo kuliko Khamis, akatuamkia vizuri na kutuuliza hali za nyumbani kabla ya kuuliza ugonjwa. Akamwambia Riziki afumbe macho, akachukua kipande cha pamba.

"Nakugusa, bibi?"

"Bado."

Alikuwa analigusa gumba. Akagusa shahada, pale pasipochubuka, bado. Cha kati, bado. Cha pete, upande mmoja bado, upande wa pili Riziki akasita, akasema anahisi kama kuna nzi. Kidole cha mwisho kilipoguswa, akaruka kwenye kiti.

"Hapo unanitekenya!"

Daktari akamwomba aunganishe migongo ya mikono, vidole vikitazama chini, vifundo vimekunjwa. Tukatazamana, mimi na Riziki. Ulikuwa ni mkao wa Bi Mize, umekosa kanga ya kufungia tu. Haikupita muda Riziki akaachia, anakunja uso, siafu wamejaa.

"Nyumbani wamekwambia ni nini?"

"Jini," akasema Riziki. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno hata kwenye mauti, akaongeza: "Lakini mie nashangaa, mwanangu. Jini gani huyu anakula mkono akabakisha kidole kimoja na nusu? Huyu ni jini au mgeni wa harusi anayeona haya?"

Daktari akacheka mpaka akafuta macho. Hakumdharau mtu. Akatueleza kwamba ugonjwa huu hauna baba mmoja. Kazi ya kukunja kifundo na kubana kwa nguvu, saa baada ya saa, inachangia. Mimba inaweza kuuleta, kwa sababu ya maji mwilini, na mara nyingi ukaondoka mama akishajifungua. Kuna waliovunjika kifundo zamani, kuna wenye uvimbe wa viungo, kuna wenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kuna waliozaliwa na njia nyembamba. Na kuna wenye sukari. Akampima damu Riziki. Sukari ilikuwa juu, na mwenyewe hakuwa akijua. Kwa hiyo sindano haikufanya peke yake. Ilisaidiwa.

Kisha akaushika mkono wa Riziki, akabonyeza mnofu wa chini ya gumba. Ule mnofu ambao kwenu nyinyi umejaa kama andazi. Kwa Riziki ulikuwa umebonyea.

"Hapa ndipo panaponitia hofu, bibi. Nyama inaondoka. Ungekuja mapema ningekupa gango la kunyoosha kifundo, ukalala nalo, ukapumzisha mkono, pengine ikatosha. Sasa nataka upasuliwe, na upesi. Ni upasuaji mdogo, tunaukata ule ukanda wa juu, mshipa unapata nafasi."

"Nikipasuliwa ntashona lini?"

"Utakaa wiki kadhaa bila sindano."

"Basi baada ya harusi."

"Bibi, mkono haungoji harusi."

"Na harusi haingoji nkono, mwanangu."

Hapa lazima niwaeleze jambo mnalolijua, kwa sababu nyinyi wenyewe mtakuja kuliamua siku moja. Kofia ya bwana harusi kwetu hushonwa na mkono mmoja, kitobo cha kwanza hadi cha mwisho. Mama ndiye mwenye haki. Ikiingia sindano ya pili, wanasema, na ndoa itaingiliwa na mtu wa pili. Bi Mize alitufundisha hilo kama alivyotufundisha kutia uzi, na hatukuwahi kulipima.

Nililipima siku ile, tukirudi nyumbani.

"Riziki, nipe niimalize mie. Duara umeshaimaliza, umebaki ukanda tu."

"Kofia ya sindano mbili, nyumba ya wake wawili."

"Shoga, hesabu wanaume wenye wake wawili hapa Kengeja. Kofia zao nani alizishika?"

"Mafundi wenye mikono mirefu kama yako."

"Sitamwambia mtu."

"Sasa mie nisijue?" Akasimama njiani. "Zuhura, yule mtoto hana baba. Sikumpa nyumba, sikumpa shamba. Kitu cha mkono wangu ninachompa ni hiki. Akiulizwa nani kakushonea, aseme mama, na iwe kweli."

Ningewezaje kubishana na hilo? Nilifikiria kuiiba ile kofia, nawaambia kweli, niizike au niichome, tushone nyingine baadaye kwa amani. Lakini angeanza upya, na mkono ungezidi kwisha.

Daktari alikuwa amempa gango hata hivyo, la kungojea upasuaji, ubao mwepesi unaofungwa kwa utepe, wa kunyoosha kifundo. Riziki alilivaa akila, akilivua akishona. Niliposikia ule utepe unabanduliwa upande wa pili wa ukuta, nilijua amekaa mkekani. Sindano haikusikika vidoleni mwake tena, kwa hiyo alijifunza kushona kwa macho. Alitazama gumba lake kama unavyomtazama kibarua usiyemwamini. Alitia kitambaa kwenye ncha za vidole ili damu isifike kwenye bafta. Akabana sindano zaidi, kwa kuwa hakujua ameibana kiasi gani. Na kadiri alivyobana, ndivyo alivyokunja kifundo. Bi Mize alikuwa amekufa zamani, lakini kanga yake ilikuwa bado imefungwa.

Harusi ilikuwa Mfungo Mosi, baada ya sikukuu. Khamis alipotoka na kofia ile, na kanzu yake, na joho, wanawake walipiga vigelegele na Riziki alilia kama mama yeyote. Mzee mmoja aliniambia, "Mashallah, Riziki hajambo, sindano bado ni ile ile." Nikasema ndiyo, Mzee. Macho yangu yalikuwa kwenye ukanda wa pembeni, nyuma ya sikio la kushoto, pale kitobo kilipopinda.

Akapasuliwa baadaye. Upasuaji ulikwenda vizuri. Maumivu ya kumwamsha usingizini yaliondoka, akalala usiku mzima, akashukuru Mungu. Akangoja hisia zirudi. Akangoja mnofu urudi. Daktari alikuwa amemwambia mapema, kwa upole, kwamba mshipa uliobanwa muda mrefu mno hauamki siku zote ukifunguliwa. Wake haukuamka. Gumba halikuweza tena kukutana na shahada kubana kitu chembamba. Sindano zake alinipa mimi, kwenye kopo la maziwa, akasema, "Zisiote kutu."

Mimi, mwaka ule ule wa harusi, siafu walinipanda. Nilikwenda hospitali kabla hawajazoea. Nililala na gango. Nikaacha mkao wa Bi Mize: niliweka mto chini ya kiwiko ili kifundo kinyooke, nikazungushia kitambaa kinene kwenye mpini wa chuma cha kutobolea ili vidole visibane sana, na nikawa naweka kazi chini mara kwa mara, nikitaka nisitake. Kofia zangu zililegea kidogo. Wateja wengine wakaniacha, wakanunua zile za mashine zinazokuja kwa marobota. Mashine haina mshipa wa fahamu, siwezi kushindana nayo. Lakini kikombe changu cha chai nakishika kwa mkono mmoja, na hiyo ndiyo siri yote ya uzee wangu.

Maryam alijifungua mtoto wa kike. Tukaenda kumtazama. Riziki hakuwa amewahi kumbeba mtoto tangu mikono ile imharibikie, maana wa kushoto nao ulikuwa umeanza. Aliogopa. Khamis naye aliogopa, namjua, alikuwa anazungukazunguka mlangoni na kofia yake kichwani, ile ile, hana mahali pa kuweka macho. Maryam akapanga mito, akamlaza mtoto mapajani kwa bibi yake.

"Nshike kichwa, mama."

"Nimenshika?" Riziki akaniuliza mimi. Hakumuuliza Maryam, aliniuliza mimi. "Zuhura, nimenshika?"

"Umemshika."

Akampitisha gumba shavuni. Nikamwona uso wake. Alikuwa anatazama gumba likipita kwenye ngozi ya mjukuu wake kama anavyotazama gumba la mtu mwingine. Akajaribu shahada. Akajaribu cha kati.

Kisha akavikunja vyote, polepole, akakitoa kile cha mwisho. Hakijawahi kushika sindano, kile. Hakijawahi kufanya kazi hata siku moja. Kimegongwa na ufito tangu utotoni kikae ndani kisisumbue. Kilitoka kimepinda kidogo, kama mtu aliyeitwa mbele ya watu bila kutarajia. Akakiweka shavuni kwa mtoto, akakishusha mpaka kidevuni, akakirudisha kwenye pua.

"Ana joto," akasema. "Zuhura, mtoto ana joto."